Kabati la Marehemu na Watoto wa Kobe

Mwezi wa tatu baada ya kumzika mke wangu, nilitoka uani asubuhi kuteka maji nikawakuta kunguru wawili wakinyang'anyana kitu kidogo. Niliwarushia kandambili wakaruka. Kilichobaki chini kilikuwa gamba la mtoto wa kobe, dogo kuliko kitumbua, na ndani hamna kitu. Pembeni, kwenye matope karibu na ukuta wa choo, walikuwa wamebaki watatu wazima wakitambaa, kila mmoja na njia yake.

Kobe wakubwa wawili wa pale nyumbani Waa walikuwa wa marehemu. Aliwarithi kwa babake, pamoja na kibali cha kuwafuga. Mimi sikuwa na habari nao. Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa mpishi wa hoteli huko Diani, nikilala kwenye vyumba vya wafanyakazi na kurudi nyumbani siku moja kwa wiki. Nilipostaafu tulipata mwaka mmoja tu wa kukaa pamoja, na mwaka huo wenyewe alikuwa mgonjwa.

Niliwatia wale watatu kwenye karai nikampigia simu shemeji yangu, dada yake marehemu, anayekaa Kwale mjini.

"Shemeji, kobe wameangua. Kunguru wameshakula mmoja."

"Waingize ndani," akasema. "Dada kila mwaka alikuwa akiwaingiza. Akiwaweka kwenye beseni kubwa, chumbani kwenu."

"Chumbani kwetu? Mbona sikuwaona hata siku moja?"

"Mwaka jana hawakuangua. Na zamani, siku yako ya mapumziko alikuwa akiwahamishia stoo. Alisema wewe umechoka, wasije wakakuudhi."

Nilimshukuru nikakata simu. Nilikaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi pale jikoni muda mrefu, karai liko miguuni pangu, wale watoto wanakwaruza bati.

Lile beseni sikulipata. Nilichokuwa nacho ni kabati lake la nguo. Kanga zake zilikuwa zimegawiwa baada ya arubaini, na tangu hapo nilikuwa nikilipita lile kabati bila kulifungua. Siku hiyo nilichukua bisibisi nikafungua bawaba, nikang'oa milango yote miwili na mbao za katikati. Harufu ya udi ilikuwa bado imo. Nikalilaza chali kando ya dirisha, likawa kama sanduku refu lisilo na kifuniko, kuta zake juu kiasi cha kuwazuia wasitoke. Nikatandika nailoni ndani mbao zisioze, nikamimina mchanga mkavu, na katikati nikaning'iniza balbu iwape joto, maana kipupwe kilikuwa kimeanza na sakafu ilikuwa baridi. Chakula niliwapa kama mpishi: tango na nyanya, nimekatakata ndogo ndogo kama kachumbari ya wageni.

Niliona nimefanya kazi nzuri. Baada ya wiki mbili yule mdogo kabisa alikuwa hali tena, na macho yamemvimba hata hayafunguki.

Nilimfunga kwenye kitambaa nikampeleka Ukunda, kwa daktari wa mifugo mwenye duka la dawa karibu na Kona ya Musa. Ni msichana wa bara. Alimgeuza kiganjani taratibu, akaniuliza nimemweka wapi. Nikamweleza.

"Mzee, umewakausha," akasema. "Mchanga mtupu na taa katikati, hawana pa kulikimbia joto. Weka taa upande mmoja tu. Upande wa pili uwe na kivuli na unyevu. Kila asubuhi waweke kwa maji ya vuguvugu, yasifike shingo. Na hii mambo ya nyanya, wacha. Wape majani."

"Na huyu atapona?"

"Tujaribu," akasema, bila kuniangalia.

Nilirudi nikaanza upya. Nilizoa mchanga wote, nikachanganya udongo wa shamba na makumbi ya nazi niliyoyachambua kwa mkono, nikaunyunyizia maji mpaka ukashikana. Taa nikaisogeza upande wa dirishani. Upande wa pili nikalaza nusu ya chungu kilichovunjika, wapate kujificha, na kisahani cha maji nikakizika usawa wa udongo wasije wakapinduka. Nikawachumia majani ya mchunga nyuma ya nyumba, wakayala; maua ya mpapai wa uani wakayakataa, ya haibiskasi wakayapenda. Asubuhi jua likitoka niliwatoa nje chini ya wavu wa kuku, nikakaa nao kwa ajili ya kunguru.

Yule mdogo alikufa siku ya tano. Nilimzika chini ya mpapai. Sikuwa na wa kumwambia, kwa kuwa ningesema nini? Mzee mzima, amefiwa na kobe. Lakini siku ile nilijifungia chumbani nikalia, na sikumlilia kobe peke yake. Msibani sikulia. Watu walikuwa wengi, na mimi nilishughulika na masufuria.

Wawili waliobaki walinawiri. Nilihamishia kiti chumbani, nikawa nakula chakula changu cha mchana pale, nikiwaangalia wakivuta majani.

Mwisho wa kipupwe shemeji alikuja kunitazama. Alisimama mlangoni, akaliangalia kabati, nikadhani atakasirika. Alivua viatu akakaa chini, akatia mkono kwenye udongo.

"Dada alikuwa akiwasemesha," akasema.

"Akiwaambia nini?"

"Mambo ya nyumbani tu. Kapika nini, paa linavuja wapi. Na lini utarudi."

Nilitaka kumuuliza zaidi, ila adhana ya alasiri ikalia, na yeye alikuwa na safari ya kurudi Kwale. Nilimsindikiza mpaka barabarani. Niliporudi nilivuta kiti karibu na kabati nikajaribu kuwasemesha wale wawili. Niliwaambia kwamba mchana nimepika mchicha wa nazi, na kwamba chumvi ilizidi. Mmoja alikuwa ameshaingia chunguni. Wa pili aliendelea kula.