Maji Yaliyoinama

Mume wangu wanamwita Timazi, na asilaumiwe mtu, jina lenyewe alijitafutia. Timazi ni kile chuma chenye ncha ambacho waashi hukining'iniza kwa uzi kandokando ya ukuta, wakangoja kitulie, ndipo wajue ukuta umesimama wima au unawadanganya. Ya kwake haitoki mfukoni hata akienda msibani. Nimefua suruali zake miaka kumi na tisa, na kila mfuko wa kulia umetoboka mahali palepale. Nimeshona, nimesema, nimechoka.

Mimi ni mwalimu wa sayansi, darasa la sita, na nina mdomo. Nalisema hili mapema ili mtu asije akashangaa mbele ya safari.

Tulikutana siku niliyoaibika. Nilikuwa mgeni shuleni, nikawaambia watoto kwamba kitu kizito na kitu chepesi vikiachiwa pamoja, vitafika chini pamoja. Hawakukubali. Nikapanda juu ya meza, mkono huu kitabu, mkono huu karatasi, nikaviachia. Kitabu kikafika. Karatasi ikaenda zake huku na huku, ikapita mbele ya pua ya kiranja, ikatua chini ya dawati la mwisho kwa raha zake. Nikaanza kueleza habari za hewa inayoizuia karatasi, lakini nani anasikiliza? Walicheka mpaka wakashika mbavu. Nikatoka nje nimefura.

Nje palikuwa na mafundi wanajenga stoo, na mmoja aliyekuwa juu ya jukwaa alikuwa ameyasikia yote kupitia dirishani. "Mwalimu," akaniita, "walete watoto wako hapa." Nikawaleta, kwa kuwa sikuwa na lingine la kupoteza. Mkono mmoja alishika tofali zima la saruji, ameliegemeza kifuani, mkono mwingine kipande kisichozidi ngumi. Akawaambia wafumbe macho. "Msitazame. Macho yana ubishi. Sikilizeni tu." Tukafumba, na mimi pia, sijui kwa nini. Jua lilikuwa linapenya kwenye kope zangu, rangi ya chungwa, na vumbi la saruji lilinukia mvua. Kisha tukasikia kishindo kimoja. Kimoja tu. Akarudia mara nne, na mara zote kilikuwa kimoja.

Watoto waliporudi darasani nilibaki nikamwuliza kama anajua kwa nini iko hivyo. Mimi nilijua kwa kanuni, nilitaka kumpima.

"Nyie mnasema dunia inavuta," alisema. "Mimi naona inaita. Tofali kubwa linaitwa kwa sauti kubwa, lakini lenyewe zito, vivu, halitaki kuondoka. Kipande kinaitwa kwa sauti ndogo, lakini ni chepesi kunyanyuka. Ndiyo maana vinafika pamoja."

Nilikwenda nyumbani nikatafuta kosa katika maneno yale usiku na mchana. Sikulipata. Kwa hasira nikaolewa naye.

Kwa miaka mingi, shule ilipokuwa na kazi ya ujenzi, nilikaa dirishani saa nisizo na kipindi nikamtazama. Nawaambieni, hakuna kitu kizuri kama kumtazama mtu anayedaka matofali ya kuchoma. Aliye chini anarusha, aliye juu anapokea. Wasiojua hulidaka tofali likiwa bado linapanda na kasi yake, likawachubua viganja. Yeye alingoja. Tofali hupanda, likapunguza mwendo, likafika mahali likasimama hewani, kitambo cha kupepesa jicho, kabla halijageuka kurudi. Hapo ndipo alipopeleka mkono. Alilichukua kama mtu anayechukua kikombe kabatini.

"Hapo juu halina uzito," aliniambia.

"Uzito linao uleule. Kasi ndiyo imekwisha."

"Basi wewe liandike ubaoni, mimi nitalidaka."

Ndivyo tulivyoishi. Wengine hugombania chumvi, sisi tuligombania uzito. Aliwahi kuniambia, tumekaa kibarazani mchana wa jua kali, kila kitu kimetulia, kwamba akilala huota yuko mahali pale, juu, hapandi wala hashuki. Hakuna linalomwita. Nikamwambia mume wangu, wewe unaota sehemu moja ya sekunde. Akasema inatosha.

Mwaka huu shule ikaamua kuongeza darasa, na kazi akapewa yeye. Asubuhi moja niliamka nikamkuta amekaa kitandani, ameshika godoro kwa mikono miwili.

"Ngoja chumba kitulie," akasema.

"Chumba hakina miguu, baba. Kinywaji gani ulikunywa jana?"

Akacheka, nami nikacheka. Alipotoka nikamwona anapita ukumbini huku kiganja chake kinasugua ukuta hatua kwa hatua. Niliona na sikusema kitu. Mimi, mwenye mdomo wangu, siku ile nikanyamaza, na mpaka leo najilaumu.

Wiki ile ile tofali likampita. Lilipanda vizuri, likasimama pale linaposimama siku zote, akapeleka mkono kando yake, akadaka hewa. Tofali likageuka, likashuka, likatua hatua moja kutoka kwa Dada Zege, mwanamke anayechanganya saruji chini.

"Wee Timazi! Unataka kuniua?" alipiga kelele.

Mafundi wakataka kucheka, wakaangaliana, wakaacha.

Siku mbili baadaye niko ubaoni, akaja Shoto mlangoni. Shoto ni fundi wake wa pili, anashika mwiko kwa mkono wa kushoto, mtu mzima mwenye wajukuu, si mtu wa kukimbiakimbia. Alikuwa anahema.

"Shemeji, samahani kwa watoto. Njoo. Mzee ameagiza tubomoe ukuta."

"Ukuta upi?"

"Ule mrefu wa mwisho, unaobeba kilele cha paa. Anasema umeinama. Shemeji, nimeupima mara tatu. Umenyooka mpaka unatia wivu. Lakini anataka tuujenge upya kwa jicho lake, na jicho lake..." Akashusha sauti watoto wasisikie. "Atatujengea ukuta wa kuanguka."

Nilielewa kila kitu mara moja. Wakimtii, ukuta utaegemea kweli juu ya vichwa vya watoto arobaini. Wakimkatalia, itasikika mpaka sokoni kwamba Timazi hajui tena kilichonyooka, na fundi akishasemwa hivyo hapandi jukwaa la mtu tena. Na wa kumwambia alikuwa mimi. Hapakuwa na mwingine.

Nilimkuta amesimama katikati ya darasa lisilo na paa, shingo ameilaza upande mmoja, mwenyewe hana habari. Timazi ilikuwa inaning'inia kutoka juu ya ukuta. Uzi umetulia tuli, na kati yake na ukuta nafasi ni ileile kuanzia juu mpaka chini.

"Mwalimu, umekuja vizuri," akasema. "Tazama ukuta huo unavyolala."

"Uzi unasema nini?"

"Uzi nao umepinda. Upepo."

"Hakuna upepo. Tazama vumbi, halitikisiki."

Akalitazama vumbi. Kisha akasema jambo ambalo sikutegemea kulisikia kwa mtu yule. "Basi ni ardhi ya hapa. Dunia ya hapa inavuta upande."

Mafundi wakatazama chini. Ningekuwa na mtu mwingine ningecheka. Lakini alikuwa anasema kweli yake, kwa sauti ya mtu aliyeitafuta sababu asubuhi nzima, na sababu zote zimemkimbia.

"Mume wangu," nikasema, polepole, "wima ni kule dunia inakovuta. Hakuna wima mwingine. Uzi ukituama, basi."

"Mwalimu, usinifundishe kazi yangu mbele ya watu!"

Hakuwahi kunifokea kabla ya hapo. Macho yalinitoka. Nilikuwa na maneno, tena makali, yamejaa mdomoni, nikayameza yote. Niliona macho yake yalivyokuwa yanaurudia ule uzi, nikajua kwamba hanifokei mimi.

Nikamwomba Dada Zege karai safi. Akalisuuza, akalijaza maji, akalileta katikati ya sakafu. Sakafu ile mume wangu aliisawazisha mwenyewe kwa pima maji, kile kipimo chenye povu ndani ya maji, mwezi uliopita, alitambaa juu yake kwa magoti siku mbili. Nikamwambia Dada Zege aongeze maji kidogo, na kidogo tena, mpaka yakafika ukingoni, yakavimba kidogo juu ya ukingo, tone moja tu limebaki yamwagike.

"Njoo utazame," nikamwambia.

Akaja kwa hatua zile fupi alizokuwa amejifunza siku za karibuni. Akachuchumaa. Maji yalikuwa yamelala kimya, mna kipande cha wingu ndani yake kinapita taratibu. Hata ndege aliyekuwa juu ya ukuta nilimsikia anavyokwaruza kucha. Mume wangu aliyatazama maji yale muda mrefu sana. Alilaza kichwa huku, akakilaza huku. Akapeleka kidole karibu na ukingo wa kushoto, akakikinga, anangoja maji yamwagikie pale.

"Yameinama," akanong'ona. "Yameinama hivi." Akaonyesha kwa kiganja, mteremko wa kutisha. Kisha akaniangalia. "Mbona hayamwagiki?"

Nilichuchumaa kando yake.

Alikaa chini, sakafuni, hivyohivyo na suruali ya kazi, akafunika uso kwa mikono. Aliyekwisha kudaka matofali miaka thelathini alilia mbele ya mafundi wake, na Shoto akageuka akajifanya anakagua mwiko. Mimi nilikaa karibu yake, nguo zangu za darasani zikaingia saruji. Nililia pia, sioni aibu kusema.

Daktari alikuwa binti mdogo mwenye sauti ya upole. Alimgeuza kichwa, akamtazama macho, akamsimamisha kwa mguu mmoja. Akatueleza kwamba ndani ya sikio mna njia nyembamba zenye maji, na pembeni yake vijiwe vidogo mno, vya asili ya chokaa, vinavyolemea upande wa chini kila mtu anapoinama, na mwili ukajua chini ni wapi. Sikio lake la kushoto lilikuwa limeharibika, limeanza kutoa habari za uongo.

"Chokaa?" akauliza mume wangu, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi nikaona fundi machoni mwake. "Na maji? Yaani nimebeba pima maji kichwani maisha yangu yote na hakuna aliyeniambia?"

"Mimi nilikuambia," nikasema. "Si nilikuita kichwa maji tangu mwaka wa kwanza?"

Daktari alicheka, naye akacheka, nami nikacheka huku nafuta macho kwa ncha ya kitenge. Kisha daktari akaacha kucheka. Akasema kizunguzungu kitapungua kwa mazoezi. Macho huenda yakazoea, huenda yasizoee. "Lakini juu, mzee wangu, hupandi tena." Mume wangu aliitikia kwa kichwa, akamshukuru vizuri, akaomba aandikiwe mazoezi kwa herufi kubwa.

Siku sita hakusema habari ya ujenzi. Alifanya mazoezi yake kibarazani, anageuza kichwa kulia, kushoto, anakifuata kidole chake kwa macho, jua linampanda miguuni mpaka magotini. Mafundi nao walikuwa wamekaa tu. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kupanda mahali pake, na mwalimu mkuu alishaanza kuniuliza darasa litakwisha lini.

Siku ya saba akavaa nguo za kazi. "Nisindikize, Mwalimu," akasema.

Walipotuona waliinuka wote. Dada Zege akamletea ndoo iliyogeuzwa ili akae, akakataa. Akamwambia Shoto, "Panda." Shoto akasita, akasema wangoje kidogo, pengine wiki ijayo mzee mwenyewe atakuwa na nafuu. "Panda, bwana, saruji itakauka," akasema, na Shoto akapanda, akashika mwiko kwa mkono wake wa kushoto, akaanza kupanga matofali ya kilele pale ambapo siku zote alisimama mume wangu.

Sisi tulisimama chini kabisa, mguuni pa ukuta. Shoto alipofikisha nusu ya mstari alining'iniza uzi, akaungoja utulie, akaona uko sawa. Lakini hakuendelea. Akainama, akatazama chini, na wote wakamtazama mume wangu.

"Mzee, vipi hapo?"

Mume wangu aliinua uso. Mkono wake ulikuwa umetafuta wangu, ukaushika, na kucha zake zikaniingia. Nilimnong'oneza, "Unauonaje?"

"Unaniangukia," akanijibu, kwa sauti ndogo ambayo hakuna mwingine aliyeisikia. Jasho lilikuwa linamtoka shingoni. Kisha akavuta pumzi, akapaza sauti.

"Uko wima! Endeleeni!"

Shoto akaendelea. Tulibaki palepale chini ya ukuta mpaka mstari ukaisha, na hakurudi nyuma hata hatua moja.