Barua ya Furaha ya MaMpinga

Kule Mthwaku, nyumba mpya ya serikali haikuhesabiwa kuwa imekwisha mpaka MaMpinga aigonge ukuta kwa ngumi. Hakuna ofisi iliyompa kazi hiyo. Alipewa na majirani, tangu siku alipomzuia mmoja wao kusaini, akachomeka ufunguo kwenye ukuta wa jikoni na mchanga ukamwagika kama unga kutoka kwenye gunia lililotoboka.

Jina lake la ukweni lilikuwa Nofezile Ngcwangu, lakini wakubwa kwa wadogo walimwita kwa ukoo aliozaliwa nao, MaMpinga. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, magoti mabovu na mikono mizima. Marehemu mumewe alirudi kutoka migodini na vitu viwili, sanduku la bati na kikohozi. Kikohozi kilimmaliza. Sanduku likabaki, na ufunguo wake mrefu ndio huo aliokuwa akitobolea kuta za watu.

Kuta alizijua tangu alipokuwa bi harusi, kwa kuwa kwao kukandika ni kazi ya wanawake. Mwezi wake wa kwanza ukweni aliambiwa akandike upya msonge wa wageni, maana wakwe wa shemeji yake walikuwa wanakuja. Akaifanya kazi mbio mbio, akitafuta kusifiwa. Samadi kidogo, maji bila kipimo, na juu akapaka vizuri mpaka ukuta ukang'aa. Wageni wakaja, na mvua nayo ikaja. Katikati ya hotuba, kipande kizima cha ukuta kikabomoka na kutua ndani ya pipa la pombe. Watu walicheka mpaka wakajifuta machozi. Mama mkwe wake hakucheka. Alimwambia, "Mwanangu, mtu utamdanganya. Mvua hutaiweza." Kesho yake akamfundisha kuchanganya upya, mkono kwa mkono. MaMpinga aliisimulia aibu hiyo mwenyewe, bila kuulizwa, kila alipotaka watu wajue ujuzi wake ulitoka wapi.

Basi nyumba za serikali zilipofika Mthwaku, kumi na moja kwa mpigo, za matofali na mabati, vyumba viwili na sebule, MaMpinga hakuona jambo geni. Ukuta ni ukuta. Aliingia na bakuli lake la bati la bluu, akalijaza maji mpaka ukingoni na kuliweka sakafuni. Maji yakimwagikia upande mmoja, sakafu imelala. Alifunga mlango na madirisha mchana kweupe, akatazama juu, kwa sababu nyumba inayopitisha jua darini itapitisha na mvua. Alipanda kwenye kiti na kupapasa waya zinazofunga paa kwenye ukuta, kwani upepo wa huko huondoka na paa la mtu likiwa zima. Mwisho kabisa ndio ngumi, na baada ya ngumi, ufunguo.

Hayo yote yalikuwa kabla ya barua. Mwenye nyumba akiridhika husaini karatasi ya ofisi, ambayo watu wa ofisi wenyewe huiita barua ya furaha.

"Siku hizi furaha inakuja kwa karatasi?" MaMpinga aliuliza mara ya kwanza alipoisikia. "Haya. Basi tusiitie sahihi tukiwa tumenuna."

Mkandarasi, Bwana Khewu, alikuwa mtu wa tumbo na maneno matamu. Hakuweza kuondoka kijijini bila barua zote kumi na moja, na MaMpinga alikuwa amemrudisha nyuma mara tisa katika nyumba tisa. Mara sakafu, mara waya, mara lipu. Kila mara alirekebisha, na kila mara alipungua tabasamu. Zikabaki mbili za mwisho, ya MaMpinga mwenyewe na ya jirani yake, Mzee Dabula, au Tata, yaani baba, kama MaMpinga alivyomwita, mtu wa miaka themanini na moja ambaye macho yake yalikuwa yameingia ukungu.

MaMpinga aliihitaji nyumba hiyo kama anavyohitaji hewa. Msonge wake wa mwisho ulikuwa umechoka, paa linavuja sehemu nne, na bakuli la bluu lilipokuwa halipimi sakafu za wenzake lilikuwa chini ya tone kubwa kando ya kitanda. Jina lake lilikaa kwenye orodha miaka kumi na tisa. Na alijua mkandarasi anaweza kususa. Ng'ambo ya mto mkandarasi mwingine alisusa, na nyumba tatu zilikuwa na mwaka wa nne bila milango, mbuzi wanalala humo.

Alhamisi ya makabidhiano, Lulama, binti wa ofisi ya nyumba, alifika na faili zake. Khewu akawapokea mlangoni kwa MaMpinga, mikono nyuma.

"Mama, leo naomba unitafutie kosa," akasema. "Nakuomba kabisa."

"Kosa halitafutwi, mwanangu. Huwa linakukaribisha lenyewe."

Akaingia. Bakuli likatulia, halikutoa hata tone. Akafunga mlango, ndani kukawa kiza kama chungu kilichofunikwa. Waya za paa zilikuwa mbili mbili. Akapiga ngumi, ukuta ukajibu kwa sauti nzito. Akachomeka ufunguo, ufunguo ukateleza na kumuumiza kidole.

Alisimama katikati ya sebule yake akinyonya kidole. Aliona kitanda kitakaa wapi. Aliona sanduku la marehemu chini ya dirisha. Machozi yakamtoka, wala hakujali nani anaona.

"Hakuna kosa," akasema. "Umejenga, Khewu. Leo umejenga kweli."

"Sasa saini, Mama, tumalize," Khewu akasema, na kalamu tayari ilikuwa mkononi.

"Nitasaini. Kwanza twende kwa Tata Dabula."

Tabasamu likamtoka Khewu. "Hapana. Kuanzia leo kila mtu na nyumba yake. Sheria ni kwamba mwenye nyumba anakagua ya kwake. Si kweli, dada Lulama?"

Lulama akatazama karatasi zake. "Ndivyo ilivyoandikwa," akakiri.

MaMpinga hakuwa mjinga. Alitazama lipu ile ngumu, akatazama uso wa Khewu, akaelewa kwamba nyumba nzuri hii ilijengwa ili imzibe mdomo. Ikamuuma. Ilimuuma zaidi kwa kuwa aliipenda tayari.

Mzee Dabula alikuwa amekaa kwenye kiti nje ya nyumba yake, hatua arobaini kutoka hapo, amevaa koti lake la kanisani, akingoja kuweka dole gumba. MaMpinga akapaza sauti kutoka mlangoni kwake.

"Tata! Kwako leo kuna chai?"

"MaMpinga! Nyumba mpya ikose chai? Njoo, mke wa ndugu yangu!"

"Umesikia," MaMpinga akamwambia Khewu. "Mimi si mkaguzi. Nimealikwa. Au sheria inakataza na chai?"

Lulama akaziba mdomo kwa faili.

Chai ililetwa sebuleni katika vikombe vya wageni, pamoja na mkate wa mvuke uliokatwa vipande vinene. MaMpinga alikunywa taratibu, akasifu mkate, kisha akaegemea ukuta kama mgeni aliyeshiba. Alipoinuka, mgongo wa sweta yake nyeusi ulikuwa umegeuka kijivu. Mchanga ukamdondoka mpaka sakafuni. Hakuhitaji ufunguo.

"Tata," akasema, "ukuta wako umenihamia mgongoni."

Alidhani mzee atashangaa. Mzee akakunja uso.

"Usinianzie, MaMpinga. Nakujua. Mimi nimengoja miaka ishirini na miwili. Ukiningojesha tena, nyumba nitakayopewa ni ile ya futi sita, na ile haina mkandarasi wa kubishana naye. Naomba niweke dole nikalale kwangu."

"Mzee amesema," Khewu akadakia haraka. "Yeye ana furaha. Kwa nini unamharibia mtu mzima furaha yake?"

MaMpinga aliona kwamba maneno ya mzee yalikuwa ya haki. Nyumba ilikuwa ya Dabula, na dole gumba lilikuwa la Dabula. Lakini alijua pia kwamba ukuta ule hautamaliza mvua mbili, na mwenye kulala chini yake hataona ufa ukifunguka.

"Sawa, Tata. Sitasema neno tena," akasema. "Nipe mkono wako tu, unisindikize. Mgeni si husindikizwa?"

Dabula akampa mkono, na wakatembea zile hatua arobaini polepole, Lulama na Khewu nyuma yao. Ndani ya nyumba yake MaMpinga akauchukua mkono wa mzee na kuuweka ukutani. Dabula alikuwa fundi wa mawe ujana wake wote. Zizi la chifu la zamani alilijenga yeye na linasimama hadi leo. Vidole vyake vikatembea juu ya lipu, vikasimama kwenye kona, vikagonga.

"Mm," akasema. "Huu ni ukuta."

Wakarudi, hatua arobaini nyingine. MaMpinga akauweka mkono uleule kwenye ukuta wa sebule yenye vikombe. Vidole vikatembea, vikaingia ndani. Mzee akavitoa, akavisugua pamoja, akavinusa.

"Kule tulikotoka ni kwa nani?"

"Kwangu, Tata."

"Na hapa?"

"Hapa ni kwako."

Mzee akageuza uso kule alikosikia Khewu akihema. "Kijana, nilikuwa najua huku lipu ni laini. Sijapofuka vidole. Nilijiambia maskini, saruji imemwishia, afanye nini? Nikakusamehe. Kumbe saruji ilikuwapo. Kilichoisha ni heshima yako kwangu." Akaketi. "Binti, rudisha wino wako."

Khewu alifoka. Alisema mashine zake zinaondoka Jumatatu, kwamba majina yao yatarudi mwisho wa orodha, kwamba alichoka na kijiji kinachoongozwa na bakuli. MaMpinga alimwacha amalize.

"Ukishindwa kujenga, mwanangu, nitakuonea huruma," akasema. "Lakini wewe unajua kujenga. Ninao ushahidi wa vyumba viwili na sebule. Siku nyumba ya Tata itakapokuwa sawa na yangu, utapata barua zako zote mbili zilizobaki. Kabla ya hapo hupati hata moja."

"Lakini ya kwako haina kasoro!" Khewu akasema.

"Haina," MaMpinga akakubali.

Lulama alikuwa amefungua fomu ya MaMpinga, kalamu juu ya kisanduku cha kasoro. "Mama, siwezi kurudi ofisini na fomu isiyosainiwa bila sababu. Hapa niandike nini?"

"Andika: nyumba ya jirani."

Lulama akamtazama, akamtazama mzee, kisha akaandika, herufi kubwa kubwa, na kuipiga mhuri.

Jioni ile mvua ilinyesha. MaMpinga akaweka bakuli chini ya tone kubwa, akajifunika, na akaogopa. Alijua amecheza na miaka kumi na tisa yake. Jumatatu asubuhi alisikia injini za mashine, akakaa kitandani bila kuvaa viatu, akingoja zipotee mlimani. Hazikupotea. Alipotoka, lori lilikuwa limesimama kwa Dabula na vijana wanashusha mifuko ya saruji, na Khewu akitazama pembeni kama hamjui.

"Umeamka salama, mwanangu?" MaMpinga akamsalimu.

"Niache, Mama," Khewu akasema. "Njoo tu na bakuli lako."

Walibomoa lipu yote. Siku kumi na mbili MaMpinga alikaa hapo juu ya ndoo iliyogeuzwa, akitazama kila toroli la mchanga lililochanganywa, na siku ya kumi na tatu Lulama akarudi. Mzee Dabula akatembeza vidole vyake chumba kwa chumba, hakuharakishwa na mtu, kisha akaomba wino mwenyewe.

Fomu ya MaMpinga ikafuata. Lulama akakata mstari mmoja juu ya maneno "nyumba ya jirani", na MaMpinga akasaini.