Zumaridi ya Bi Verlene

Kuna watu wanaohesabu maisha yao kwa miaka, na wengine kwa wajukuu. Verlene Stickney wa mji wa Palatka, Florida, aliyahesabu yake kwa usiku aliolala melini, na ukimuuliza alikujibu papo hapo bila kukuna kichwa: mia moja tisini na mbili. Umri wake ndio uliomlazimu kukaa kidogo na kupiga hesabu.

Usije ukadhani alikuwa tajiri. Kwa miaka thelathini na moja aliendesha basi la njano la shule, akiwa na kioo kikubwa mbele yake na sauti iliyoweza kumkalisha mtoto wa siti ya mwisho bila yeye kugeuza shingo. Mumewe, Harlan, alikuwa fundi wa kiwanda cha karatasi, mtu aliyetapika hata kwenye mtumbwi wa kuvulia kambare. Safari ya kwanza waliipata kwa bahati nasibu ya kanisa. Harlan alilala chumbani siku nne akiwa amekumbatia ndoo, na Verlene akapanda peke yake kwenye ukumbi wa chakula, ambako kijana mwenye glavu nyeupe alimvutia kiti ili akae. Hakuna mtu aliyewahi kumvutia kiti tangu azaliwe. Hapo ndipo bahari ilipompata. Harlan alipofariki miaka kadhaa baadaye, watu walimletea bakuli za saladi ya viazi na maneno ya faraja. Verlene alishukuru, akala saladi, akakata tiketi.

Kampuni yake ya meli ilikuwa Taji Buluu, na hakuwahi kuisaliti. Taji Buluu huwapanga wageni wake kwa madaraja: Shaba, Fedha, Dhahabu, Almasi, na juu ya wote Zumaridi, yaani aliyetimiza usiku mia mbili. Zumaridi huvishwa beji ya kijani na nahodha mwenyewe, mbele ya ukumbi mzima, watu wakiwa wamesimama. Jina lake huchongwa kwenye kibao ukutani, na mfuko wake mmoja wa nguo chafu hufuliwa bure kila safari. Usicheke. Ziko serikali ambazo hazijawahi kuwapa watu wake heshima kiasi hicho.

Usiku nane tu ulikuwa umebaki korona ilipofunga bandari. Meli ziliporudi baharini, Verlene aligundua kwamba muda ulikuwa umemkalia kooni, kwa sababu sheria ya Taji Buluu ilikuwa ni kwamba mgeni asiyesafiri kwa miaka mitatu hushushwa daraja, korona au si korona. Basi akapanga safari ya usiku nane ya mwezi Julai, na safari hii hakutaka kwenda peke yake. Aliwaandikisha mwanawe Lyle, mkwewe Tawny na mjukuu wake Kynlee, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu. Akachapisha fulana nne za kijani zenye maandishi kifuani: Zumaridi ya Bibi. Familia za kule husafiri hivyo, zimevaa sare kama timu ya mpira, na asiyevaa huulizwa ana tatizo gani.

Kisha ikaja barua ya kampuni. Kila mgeni kuanzia miaka kumi na miwili lazima awe amechanjwa.

Kwa Verlene hilo halikuwa neno. Alichanjwa mapema kuliko mtu yeyote mtaani kwake, na kadi yake ilikaa kwenye mlango wa friji, imebanwa na sumaku yenye umbo la kasa. Neno lilikuwa Lyle. Huyu alikuwa fundi viyoyozi, mtu mwema aliyeharibiwa na simu yake. Nyuma ya gari lake la kazi kulikuwa na kibandiko kilichotangaza kwamba damu yake haipokei wageni. Jumapili hiyo, wakila kuku wa kukaanga, alisikiliza barua ikisomwa mpaka mwisho, akaweka uma chini.

"Mama, hiyo sindano haiingii kwangu wala kwa mwanangu," alisema. "Wakitaka, wabaki na meli yao."

Tawny aliinamia sahani. Kynlee akaangalia mafuta ya kuku kwenye vidole vyake. Verlene aliuchukulia ukimya huo kuwa ndiyo ya nyumba nzima. Miaka thelathini na moja ya kutazama kioo cha basi ilipaswa kumfundisha kwamba wanaonyamaza ndio wenye jambo.

Alipiga simu Taji Buluu. Karani alimpokea kwa cheo chake, akamsikiliza, akamwambia kwa upole kwamba sheria ni sheria, ila yeye binafsi anakaribishwa sana na kiti chake kipo. Verlene alilitafakari neno hilo siku mbili. Alijiona amesimama mbele ya ukumbi, nahodha anambana beji, watu wanapiga makofi. Makofi ya wageni nayo ni makofi. Lakini ukishavishwa, unageuka kumtazama nani? Mchelea mwana kulia hulia yeye, wahenga walisema, na yeye aliamua kulia. Alifuta safari ya Taji Buluu. Fulana za kijani akazifanya matambara ya kufutia vioo, na kwa wiki nzima madirisha yake yalikuwa safi kupita kiasi.

Kampuni waliyohamia iliitwa Upepo Mwema, na ilipokea kila mtu, mwenye chanjo na asiye nayo. Haikuwa na Zumaridi. Ilichokuwa nacho ni utepe wa rangi ya waridi ambao kila mgeni mpya hubandikwa kifuani siku ya kupanda, umeandikwa: Mara Yangu ya Kwanza. Verlene aliwaandikia barua ya heshima kuwaeleza kuhusu usiku wake mia moja tisini na mbili. Walimjibu kwa kumtumia filamu fupi ya kumfundisha kuvaa koti la kujiokolea.

Sasa, katika familia ile msomaji wa masharti alikuwa mmoja tu, na ni yeye. Aliyasoma yote, hata yale yaliyoandikwa kwa herufi za kumsumbua sisimizi. Kumbe Upepo Mwema ilipokea wote, lakini si kwa mlango mmoja. Mwenye kadi ya chanjo, tena kadi yenyewe, si picha yake ya simu, hupita kushoto na meli yote ni yake. Asiye na kadi hupita kulia, huchokonolewa pua kwa kijiti cha pamba, hula kwenye sitaha ya tatu nyuma ya meli, na kisiwani hashuki.

Hakumwambia mtu. Angesema, Lyle angesusa na safari ingekufa. Ila asubuhi ya kuondoka, akiwa amebeba mkoba wake, alisimama mbele ya friji akaitazama kadi. Wale watatu wangekula sitaha ya tatu. Yeye angevutiwa kiti huko juu, peke yake, kama kawaida. Ameacha beji ili ale na watu wake, halafu kikaratasi kimtenge nao? Akaisogeza sumaku ya kasa ili ibane vizuri zaidi, akazima taa, akafunga mlango.

Bandarini Canaveral kibao cha milango miwili kilikuwa kikubwa kuliko basi lake la zamani. Lyle alikisoma kwa sauti, akakunja uso, akasema afadhali watu wajulikane mapema nani yuko upande gani, kisha akashika sanduku kuelekea kulia. Aliponyoosha mkono kumshika mwanawe, Kynlee hakusogea. Alikuwa anamtazama mama yake.

Tawny alifungua mkoba wa mafuta ya jua, akatoa kadi mbili.

"Tulichanjwa mwaka jana, Juni," alisema. "Siku ile niliyokwambia tunakwenda kununua viatu."

"Lakini viatu mlirudi navyo," Lyle alisema.

"Tulinunua na viatu."

Akaongeza kwamba bendi ya shule haikumpeleka mtoto yeyote nje ya mji bila kadi, na kwamba yeye alikuwa amechoka kuogopa simu ya mumewe. Wengine kwenye foleni waligeuka kutazama. Tawny alimngoja Lyle afoke. Badala yake alitoa pochi, akavuta leseni yake ya uvuvi, na nyuma ya leseni akachomoa kadi iliyokunjwa mara mbili.

"Agosti," alisema. "Nilikwenda Gainesville ili nisionekane. Kuna nyumba ya wazee walikataa niguse viyoyozi vyao bila hii."

"Na kibandiko cha gari?" Tawny aliuliza.

"Kibandiko ni cha gari."

Tawny akacheka, Kynlee akacheka, na mwisho Lyle mwenyewe akacheka kama mtu aliyetua gunia. Njia ya mwongo ni fupi, na yao ilikuwa imekutana mlango mmoja. Walianza kuvuta masanduku kwenda kushoto wakiwa wamechangamka kuliko walivyokuwa mwaka mzima. Walikuwa wameshapiga hatua kadhaa walipoona Verlene hajaondoka pale alipokuwa.

"Mama, toa yako twende," Lyle alisema.

"Yangu iko kwenye friji."

"Umesahau?"

"Nimepanda meli mara ishirini na tatu. Sijawahi kusahau karatasi hata moja." Alikuwa na hasira, hasira hasa, ile iliyowahi kulitia breki basi lenye watoto hamsini. Hata hivyo sauti yake ilitoka ndogo. "Niliiacha ili nile na ninyi. Nilijua mtakuwa kule kulia, wote watatu. Beji yangu nimeiacha kwa ajili ya msimamo wako, Lyle. Kumbe msimamo wenyewe uliuficha nyuma ya leseni ya samaki."

Tawny alifunika mdomo. Palatka ilikuwa mwendo wa saa mbili na zaidi kwa gari, na meli ilikuwa inafunga milango adhuhuri. Verlene alishika kishikio cha sanduku lake, akanyoosha mgongo kama alivyokuwa akifanya kabla ya kuwasha basi, akaenda kulia.

Karani wa upande huo alimwandika jina, akamwambia akae. Akainua uso kumwita anayefuata. Anayefuata alikuwa Lyle.

Karani alikuwa ameisikia kesi yote, na kadi ameiona kwa macho yake mawili. "Baba, wewe mlango wako ni ule," alisema.

"Mimi sijachanjwa," Lyle alisema. "Muulize mtu yeyote Palatka."

"Lyle, acha upuuzi," mama yake alisema. "Mwanao anataka kushuka kisiwani na baba yake."

"Atashuka na mama yake. Mimi nimesema tangu mwanzo sindano haiingii kwangu, na mtu ni msimamo, Mama."

Karani alimtazama huyu, akamtazama yule, akaandika: hana. Kisha akawachokonoa pua wote wawili. Lyle machozi yalimtoka, akasema ni kijiti. Msichana wa mapokezi alipita akawabandika tepe za waridi kifuani, na Verlene, aliyekuwa ameapa kuuchana wake mbele ya mtu yeyote atakayethubutu, alisogeza kifua akabandikwa.

Jioni hiyo waliteremka sitaha ya tatu, nyuma kabisa, ambako injini husikika hadi kwenye supu. Wahudumu walikuwa wachache na wenye haraka, kila mtu ajitafutie pa kukaa. Lyle alitangulia mezani. Alitazama huku na huku kama anayetaka kuiba, halafu akakivuta kiti nyuma, akakishikilia mpaka mama yake akakaa.

Mzee mwenye ndevu wa meza ya jirani aliwatazama kwa kuridhika, akainua glasi yake ya chai baridi. "Hongera, ndugu," alimwambia Lyle. "Wenye msimamo tumebaki wachache."

Lyle aliutumbulia macho mkate. Masikio yalikuwa yamemwiva mekundu. Verlene aliwahi kuvutiwa kiti usiku mia moja tisini na mbili na watu waliolipwa kufanya hivyo, na hata mmoja hakuwahi kumkanyaga kidole cha mguu kama huyu alivyomkanyaga sasa hivi.

"Ni mwanangu," alimwambia yule mzee. "Akishaamua jambo, huyu, humtoi."

Akafungua kitambaa cha mezani akakitandaza magotini.