Namba ya Gari Langu la Kukodi Ilikuwa Ukutani

Saa nne asubuhi, nikiendesha gari la kukodi, niliona namba ya gari hilohilo imeandikwa ukutani kwa mkaa.

Tarakimu zenye urefu wa mkono. Chini yake neno moja: MUUAJI.

Nikajisemea, macho yamechoka.

Hayakuwa yamechoka.

Ngoja nianzie mbali kidogo. Mimi ni fundi redio. Hakuna aliyenifundisha, nilifungua, nikaharibu, nikafunga tena hadi nikajua. Kukagua ndiyo kazi yangu.

Siku hiyo mama alikuwa afanyiwe upasuaji wa nyonga saa sita, hospitali ya mbali. Kukaa hawezi. Nikaenda kukodi gari ambalo angelala siti ya nyuma.

Dada wa ofisini, mpole, sauti ya asali, akaniwekea ufunguo mkononi.

"Kaka, chukua hili. Hata bampa ni jipya."

Nikalikagua nusu saa nzima. Oili, maji, breki, taa, honi, tairi la akiba, jeki. Bima haijaisha. Kila mkwaruzo nikaupiga picha.

Dada akacheka. "Kaka, unakodi gari au unaoa?"

"Vyote havitaki pupa," nikamjibu.

Mambo mawili sikuyagusa. Sikukaa siti ya nyuma. Na sikuuliza gari lilikuwa wapi juzi.

Tukaondoka. Mama amelala nyuma, amejifunika shuka. Vioo vya nyuma vyeusi tii, nikafurahi jua halitamsumbua.

Katikati ya safari, kwenye mtaa nisioujua, palikuwa na tuta jipya la mawe na udongo. Nikapunguza mwendo. Ndipo nikauona ule ukuta.

"Ndilo! Ndilo hilo!" watu wakapaza sauti, wakanizingira.

Jiwe la kwanza likapasua kioo cha mbele. La pili likanipata juu ya jicho. Mlango ukafunguliwa, nikaburutwa nje kama gunia.

Fundi pancha wa mtaa ule, jitu la miraba minne, alikuwa na spana ya magurudumu. Akaishusha mara moja tu. Mkono wangu wa kulia ulilia kama kijiti kikavu. Niliusikia kabla sijauhisi.

"Umekuja kutembea, eh? Mtoto tumemzika jana!"

"Mtoto gani? Jamani, nimelikodi leo!"

"Na wa juzi angesema hivyohivyo!"

Teke la mdomo. Meno mawili. Moja nililitema, la pili nililimeza na damu yake.

Mtu akaja na kidumu cha petroli. Akaanza kumwagia boneti.

Hapo nilisahau mkono.

"Mama yumo ndani!"

Lakini mdomo uliojaa damu hausemi, unakoroma. Lililotoka ni "mama" tu.

"Msikieni, anamlilia mama yake!" mmoja akanicheka. "Mama wa mwenzio hukumkumbuka?"

Wakaangua kicheko. Kumbe ndani ya gari mama anavuta kitasa, na mlango haufunguki. Ile kufuli ya kuzuia watoto wasifungue ilikuwa imewekwa. Mlango ulifunguka kwa nje pekee. Anagonga kioo kwa ngumi, makelele yanammeza.

Fundi pancha akatoa kiberiti.

"Nipisheni."

Mwanamke mmoja akapenya, macho yamevimba. Wote wakasogea. Alikuwa mama wa marehemu.

Akachuchumaa, akanishika kidevu, akanitazama.

"Siye."

"Dada, uchungu umekuzidi, kaa pembeni," fundi pancha akamwambia.

"Nimesema siye! Nilikuwa hatua kumi. Alikuwa mwanamke. Ana kovu la moto shingoni. Alishusha kioo, akamtazama mwanangu chini ya bampa, akakanyaga mafuta."

Nikafumba macho. Shingo ile niliiona asubuhi, imeniinamia na ufunguo.

Watu wakanyamaza. Na katika kile kimya: ngo, ngo, ngo.

"Kuna mtu humo," akasema yule mama. Akafungua mlango mwenyewe. Mama yangu akamwangukia mikononi, ananuka petroli, shuka limemzonga.

Kiberiti kilianguka. Hakuna aliyekiokota.

Mama akazungusha macho, akaniona chini.

"Nani amempiga mwanangu?"

Wanaume ishirini wanatazama viatu vyao.

"Nauliza mara ya pili."

"Mimi, bibi," fundi pancha akasema, sauti kama ya panya.

"Basi wewe ndiye utakayeendesha. Nina upasuaji saa sita, na umemvunja dereva wangu."

Wakaliosha gari kwa maji, ndoo kwa ndoo, hadi petroli ikatoka. Akaendesha. Kioo cha mbele hakuna, machozi yanapeperuka hadi masikioni.

"Bibi, upepo haukuumizi?"

"Endesha."

Tulifika saa sita kasoro dakika tano.

Dada wa ofisini alikamatwa jioni ileile, yule mama mbele ya polisi akimnyooshea kidole. Mama yangu sasa anatembea kwa fimbo. Mkono wangu haushiki tena waya mwembamba.

Ukikodi gari, kagua tairi na breki, sawa. Kisha kaa nyuma, jifungie, ujaribu kutoka. Na uliza lilikuwa na nani kabla yako. Ukijibiwa kwa mzaha, rudisha ufunguo, panda basi.

Watu huniuliza mbona fundi pancha sikumshitaki. Nimelifikiria sana. Kama ningesimama pale siku ile, nikaona mtoto anaburutwa chini ya bampa, sijui mkono wangu ungeokota nini.