Muhuri Usoni mwa Mjomba

Kesi ya bangi ya mdogo wangu ilikuwa imeahirishwa mara kumi na moja. Nilihesabu mara mbili. Sababu ilikuwa ile ile: ripoti ya maabara haijafika. Siku hiyo, mahakamani Songea, hakimu alikubali apewe dhamana kwa wadhamini wawili wenye barua za mtaa. Mimi nilikuwa wa kwanza, mjomba wetu wa pili.

Karani aliikataa barua ya mjomba, kwa kuwa muhuri haukugusa picha yake iliyobandikwa juu.

"Nilimwomba mtendaji wa mtaa asiichafue," mjomba akajitetea. "Ndiyo picha nitakayowekewa juu ya jeneza."

Nje, karandinga la magereza lilikuwa limeshawashwa. Likiondoka na mdogo wangu, ni wiki mbili nyingine rumande.

"Kaka, nipe nusu saa," nilimsihi karani. Akanipa dakika ishirini. Nilichukua kabla hajapunguza.

Tulikimbia kwa bodaboda hadi kwa mtendaji. Nilimwomba agonge mara mbili, wino usije ukafifia. Muhuri wa pili ulitua puani.

Tuliporudi, mahabusu walikuwa wanapanda. Mdogo wangu alikuwa wa nne kwenye mstari. Karani aliikagua barua, tukasaini, askari akamtoa.

"Shikamoo mjomba," alisema.

"Marahaba. Ukitoroka nitakufa kwa aibu, na picha ya kuzikia sina tena."

"Tarehe zote nitakuja."

"Wewe utakuja," mjomba akasema. "Ripoti je?"