Alichosema Baba Kwenye Kamera

Baba alikuwa mfuga nyuki huko Sibwesa. Alitumia mizinga ya magogo, ile inayopandishwa kwa kamba juu ya miti msituni. Mimi ndiye kitinda mimba wake. Naishi Nsemulwa, mjini Mpanda, na kazi yangu ni kupiga picha na video za harusi, kipaimara na misiba. Alinipa jina la mama yake, kwa hiyo maisha yake yote aliniita "mama".

Nilikwenda kumwona wakati wa kurina asali, nikiwa na kamera yangu ndogo ya kuvaa, ile inayofungwa kichwani au kifuani. Magoti yake yalikuwa yameanza kumgomea, na nilijua miaka yake ya kupanda miti inaisha. Nikamwambia nataka kuona anachokiona akiwa juu. Alicheka, lakini alikubali nimfunge mkanda kichwani.

"Inasikia?" aliuliza.

"Inasikia, Baba. Ongea tu."

Akapanda na mwenge wake wa moshi. Mimi nilibaki chini. Nilisikia sauti yake huko juu, maneno sikuyapata. Alizungumza polepole, kama mtu aliye na mwenzake karibu, na alikaa muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka. Aliposhuka aliivua kamera mwenyewe, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Kuna jambo nimekusemea humo, mama. Usilisikilize hapa. Kalisikilize kwako."

Nilirudi mjini siku ileile. Ulikuwa msimu wa harusi, kazi zilinibana. Nikaitoa kadi ya kumbukumbu kwenye kamera, nikaiweka kwenye droo na kutumia nyingine. Nilijiambia nitasikiliza Jumapili, nikiwa nimetulia. Zikapita Jumapili tatu. Wiki ya nne Mama alipiga simu asubuhi kuniambia Baba ameanguka shambani, na kabla sijapata usafiri akapiga tena.

Kadi niliifungua baada ya matanga. Faili zote za siku ile zilikuwepo, kila moja na jina lake, na saa za asubuhi ile zimeandikwa pembeni. Nikafungua ya kwanza, skrini ikabaki nyeusi. Ya pili vilevile. Nilizijaribu zote, kisha nikarudia, huku nikimwomba Baba msamaha kwa sauti, peke yangu chumbani.

Nilimpelekea fundi wa kompyuta karibu na soko. Alikaa nayo siku mbili.

"Dada, kadi hii uliinunua wapi?"

"Kwa machinga aliyekuwa anapita."

"Ni feki. Juu wameandika gigabaiti mia mbili hamsini na sita, ndani ni thelathini na mbili tu. Ikijaa haikuambii. Inaendelea kuandika majina ya faili, vilivyomo inavitupa. Kabla ya kazi hii ilikuwa na nini?"

Ilikuwa na harusi. Sikuwa nimeifuta ile ya Jumamosi iliyotangulia, kwa sababu niliamini nafasi ipo tele. Harusi ile ilibaki nzima, vigelegele na vumbi na mjomba wa bibi harusi akicheza na sahani ya pilau mkononi. Ya Baba, fundi aliokoa dakika nne za mwanzo.

Ndani ya dakika hizo nipo mimi. Ni sura yangu, kutoka pale macho yake yalipokuwa. Nakaza mkanda, nimekunja uso, naangalia taa nyekundu ya kamera. Yeye simwangalii hata mara moja. Kisha anageuka, yanaonekana magome ya mti, mikono yake, kamba, na pumzi yake inasikika ikipanda pamoja naye. Anafika tawi la kwanza. Anasema, "Sasa, mama," na hapo inakatika.

Ile "sasa, mama" nimeisikia mahali pengi tangu hapo. Nimeisikia kanisani Nsemulwa, watu wakiimba. Nimeisikia nikiwa kazini Katumba, mzee mmoja alipokohoa nyuma yangu, nikageuka kwa haraka hata akashtuka.

Siku hizi kadi nainunua dukani, penye risiti na mtu ninayeweza kumrudia. Natafuta alama ya V30, inayoonyesha kasi ya kadi, kwa kuwa kamera hizi huandika haraka na kadi ya polepole huziacha njiani. Bei ikishuka sana kuliko kwa wengine, naiacha. Hata ninayoinunua siiamini. Kuna programu inayoijaza kadi mpaka mwisho, halafu inasoma upya kila ilichoandika. Kadi ya kwanza niliyoijaribu hivyo ilishindwa hata robo haijafika, nikairudisha. Ya pili ilichukua mchana mzima.

Mchana huo Mama alikuwa kwangu, amekuja kutibiwa macho. Aliitazama kompyuta ikihangaika.

"Tangu asubuhi. Inatafuta nini?"

"Inapima kama kadi inakumbuka ilichoambiwa."

Kisha akasema, "Nilimuuliza baba yako jioni ile. Nikamwambia, umemwambia nini mtoto huko juu? Akasema, limeshafika kwake."

"Na wewe hakukuambia?"

"Halikuwa langu."

Nilimweleza kwamba huenda yalikuwa mambo ya mizinga tu. Baba mdogo aliitafuta msituni akaipata michache, na sote tunajua Baba alikuwa na mingi zaidi. Pengine alikuwa akinitajia miti. Mama hakukubali, wala hakukataa. Alisema mizinga angenitajia hata chini, tukiwa tunakula.

Jioni jaribio liliisha, kadi ilikuwa nzima. Nikaitia kwenye kamera, nikawasha, nikamwelekezea Mama.

Aliuziba uso wa kamera kwa kiganja.

"Izime. Mimi nikiwa na neno, nitakuita nikuambie."

Niliizima. Ameshahamia kwangu sasa, macho yamezidi kufifia. Akiniita kutoka jikoni naacha ninachofanya na kwenda mara moja. Mara nyingi huwa anatafuta chumvi.