Etikete Iliyomwonjea Muzee

Huko mtaani Birere Mama Donatille alijulikana kwa vidole vyake, maana gundi ya unga wa muhogo ilikuwa imemkaukia mpaka ndani ya kucha. Mjane huyu alibandika etikete, zile karatasi za jina la kinywaji, kwenye chupa nyuma ya duka la Papa Modeste.

Tangu Leta, yaani serikali ya wakoloni, iruhusu watu weusi kununua pombe kali, Modeste alinona kama nguruwe wa misioni. Badala ya kuagiza konyaki ya Ulaya, alinunua kanyanga, ile pombe ya ndizi inayopikwa kwa mapipa vichakani. Aliitia sukari iliyounguzwa ipate rangi, akaijaza katika chupa zilizookotwa kwenye jalala la hoteli. Nyingine ziliwahi kutiwa petroli. Zote zilichovywa tu katika beseni moja la maji mazito, nzi wakielea juu.

Siku moja ajenti wa Leta alipita akisoma amri: kila chupa iandikwe ukweli wa kilichomo, nguvu yake na kinakotoka. Modeste akaitika, "Ndiyo, Bwana," kisha akaleta etikete mpya za konyaki zenye maneno mengi zaidi na picha za medali za dhahabu. Donatille akazibandika. Alijua kilichomo ndani, lakini binti yake Séraphine alipaswa kula.

Basi Séraphine akapata mchumba, Théoneste, yatima mpole aliyelelewa na baba yake mdogo. Na baba mdogo huyo ni nani kama si Modeste!

Siku ya kuomba msichana, Muzee Habarurema, baba mkwe wa Donatille, ndiye aliyesemea upande wa binti. Modeste akatoa chupa, akajaza kikombe, akampa muzee.

Kwa desturi yetu mwenye kuleta pombe huonja kwanza, watu wote wakimwona. Modeste hakuonja.

"Desturi ile ilikuwa ya vibuyu, Muzee," akacheka. "Hii iko na etikete. Leta imekwisha kutuonjea!"

Watu wakacheka. Muzee naye akatabasamu. Chupa yenye karatasi aliiheshimu kama barua ya padri.

Donatille alikuwa mlangoni pamoja na wanawake. Harufu aliyoizoea dukani ikamfikia: petroli. Akisema, kazi imekwisha, na labda ndoa ya mtoto nayo. Akinyamaza, muzee anakunywa.

"Baba, usikunywe! Ile etikete nimeibandika mimi mwenyewe. Ndani ni kanyanga, na chupa ni ya jalala, ilitiwa petroli."

"Mwanamuke, unasema mbele ya wanaume?" Modeste akafoka. "Ni njaa inakusemesha!"

"Basi onja, Papa Modeste. Kidogo tu, kama mutu muzima."

Modeste akashika tumbo, eti lina vidonda. Théoneste, haya imemjaa usoni, akakichukua kikombe mikononi mwa muzee.

"Nitaonja mimi, kwa ajili ya baba mdogo."

Kikombe hakijagusa midomo, Modeste akaruka akakipiga kofi. Kikavunjika juu ya mawe meusi ya volkano. Watu wakainua miguu, wakaziba pua kwa harufu ya petroli.

Muzee Habarurema akatema mate pembeni, ingawa hakuwa amekunywa.

"Mutoto wako umemuhurumia," akamwambia Modeste polepole. "Mimi ungeniacha nimeze. Beba chupa yako, uende."

Théoneste akainuka amfuate.

"Wewe kaa, mwanangu," muzee akasema. "Wewe hatukukufukuza. Tafuta mutu mwingine wa kukusemea, mutu mwenye kuonja."